Mwongozo Kamili wa Magimbi ya Nyumbani: Kupanda, Kuchimba na Kupika Yasiwashe

Malalamiko ni yaleyale kila msimu. Majani yamefika kifuani, mwenye bustani anachimba kwa furaha, anakuta kigimbi cha ukubwa wa limau. Au gimbi limejaa vizuri, limepikwa, limepakuliwa, na nyumba nzima inakohoa kwa kuwashwa koo.

Matatizo yote mawili yanazuilika. La kwanza ni la maji: gimbi halidai maji mengi kama watu wanavyodhani, linadai maji yasiyokatika. La pili mara nyingi ni la jikoni. Mbegu hulaumiwa, na kumbe sufuria iliepuliwa mapema.

Gimbi tunalozungumzia ndilo nduma la Kenya na jimbi la Zanzibar. Njia inayoelezwa hapa ni ya shimo lililotandikwa nailoni, kwa mtu asiye na kijito wala bonde. Mwenye mfereji unaopita chini ya migomba, kama ilivyo kwenye vihamba vya Kilimanjaro, aruke hatua ya 1 na ya 2, maana ardhi yake imeshafanya kazi hiyo.

## Vitu vya kuandaa

Vipimo hivi ni vya shimo moja la mita 3 kwa mita 1, linalobeba mashina 14.

- Nailoni nzito ya upana wa mita 2.6 na urefu wa mita 4.6, ile inayotandikwa kwenye mabwawa ya samaki. Nyepesi ya kufunikia mizigo hutoboka kabla ya mavuno.
- Samadi iliyooza kabisa, madebe 25 ya lita 20: 22 ya kuchanganya na udongo na 3 ya kulishia baadaye. Iliyooza haina joto, haina harufu kali, na ukiifinya haiachi majimaji mkononi.
- Udongo wa juu, madebe 45. Utaupata humohumo shimoni.
- Miche 16: 14 ya kupanda na 2 ya kuzibia mapengo.
- Kipande cha bomba la plastiki la inchi 2, urefu wa sentimita 80.
- Nyasi kavu au majani ya migomba ya kutandaza, magunia 2.
- Majivu ya kuni, kama lita 2.
- Jembe, sepeto, kisu kikali, utepe wa kupimia na msumari mnene.

## Hatua ya 1: Chagua mahali, kisha chimba

Gimbi huvumilia kivuli, na hapo ndipo wengi wanapoponzeka, kwa sababu kuvumilia si kustawi. Mpe jua la saa 6 kwa siku au zaidi. Chini ya mwembe majani yatapendeza macho, lakini chini hakutakuwa na kitu.

Usipande kwenye mtaro wa maji machafu, karibu na shimo la choo, wala mahali yanapotiririkia maji ya gereji au kiwanda. Maji hayo hubeba vimelea, na ya gereji au kiwanda huweza kubeba metali nzito kama risasi. Vimelea vitakufa jikoni, lakini metali iliyokwisha kuingia ndani ya gimbi haiondoki kwa kuchemsha.

Chimba mita 3 kwa mita 1, kina sentimita 60. Sentimita 30 za juu ziweke upande mmoja. Hizo ndizo madebe yako 45. Sentimita 30 za chini ziweke upande mwingine na usizirudishe shimoni. Zitumie kujenga tuta dogo kuzunguka shimo, ili maji ya mvua ya uani yasiingie na taka zake.

Sawazisha sakafu kwa sepeto. Shimo lenye mteremko hukusanya maji upande mmoja: mashina ya huko yataoza, ya upande wa pili yatakauka. Kagua kuta kwa kiganja, ung'oe kila kijiwe na kila ncha ya mzizi.

## Hatua ya 2: Tandika nailoni na usimamishe bomba

Tandika nailoni ifunike sakafu na kuta zote, na ukingo utoke nje kiasi cha sentimita 20 kila upande. Ukandamize kwa udongo. Usiivute ikakaza; iache ilegee kwenye kona, maana uzito wa udongo utaivuta na iliyokaza hupasuka.

Kisha toboa matundu ya upana wa kidole kwenye kuta za pembeni, sentimita 30 kutoka juu, moja kila nusu mita. Sakafu usiiguse. Matundu hayo ni njia ya kutokea maji ya ziada wakati wa masika. Bila hayo shimo hugeuka beseni, maji yanatuama, yanapata joto la jua, mizizi inaoza. Gimbi huishi vizuri kwenye maji yanayotembea, si kwenye maji yaliyolala.

Bomba litoboe matundu mengi kwenye nusu yake ya chini kwa msumari uliopashwa moto, lisimamishe kwenye kona moja juu ya kipande cha kigae, kisha ujaze shimo kulizunguka. Hili ndilo jicho lako la kuona chini ya udongo. Ukitumbukiza kijiti kikavu na kukitoa, sehemu iliyolowa inakuonyesha maji yamefika wapi.

## Hatua ya 3: Changanya udongo

Sehemu 2 za udongo wa juu kwa sehemu 1 ya samadi, pamoja na lita 1 ya majivu. Changanya nje ya shimo na uvunje mabonge yote. Ukiweka samadi chini na udongo juu bila kuchanganya, mizizi michanga haitaifikia kwa muda mrefu.

Jaza mpaka zibaki sentimita 20 kufika ukingoni. Shimo litameza kama madebe 60. Madebe 7 hivi yanayobaki yafunike pembeni. Yana kazi kubwa mwezi wa pili na wa nne, na anayeyatupa leo atayatafuta.

Mwagilia mpaka kijiti cha bombani kilowe sentimita 15 hivi, kisha acha siku 4 udongo ushuke. Ukipanda siku hiyohiyo, udongo utashuka na mche, na moyo wake utafukiwa.

## Hatua ya 4: Andaa miche

Kosa kubwa la wanaoanza ni kununua magimbi sokoni na kuyazika. Mengi yamekwisha kukatwa kichwa. Yakichipua, huchipua kwa macho ya pembeni, polepole na kwa unyonge.

Mche bora ni kichwa cha gimbi lililovunwa: kipande cha juu chenye unene wa sentimita 2 hivi, na vikonyo vyake vikiwa vimeachwa urefu wa sentimita 20. Majani yote yakatwe, kwa sababu mche usio na mizizi hauwezi kuyalisha maji. Bakiza tu lile jani changa lililojiviringa katikati. Mche wa pili kwa ubora ni chipukizi la pembeni lenye shina nene kama kidole gumba.

Utazame uso uliokatwa. Uwe mweupe au wenye vidoadoa vya zambarau, mkavu, mgumu. Ukiona michirizi ya kahawia au sehemu inayobonyea, tupa mche mzima. Usikate sehemu mbovu ukapanda iliyobaki, kwani ugonjwa hutangulia mbele ya rangi.

Chovya uso huo kwenye majivu, weka mche kivulini siku 1 au 2 kidonda kikauke, ndipo upande.

Na hakikisha ni gimbi. Kikonyo cha gimbi hushika jani kwa chini, ndani kidogo ya ukingo, kama mpini wa mwavuli uliosogezwa pembeni. Kikishika jani pale hasa kwenye pengo la ukingo, una jamaa yake wa karibu. Naye huliwa, lakini kinacholiwa ni vitoto vya pembeni, mama huwasha sana. Mmea wa mapambo usioujua asili yake usiule kabisa, hata ukifanana vipi.

## Hatua ya 5: Panda

Mistari 2, kila mmoja sentimita 25 kutoka ukingoni, na sentimita 50 kati yao. Shina la kwanza sentimita 15 kutoka mwisho wa shimo, kisha kila baada ya sentimita 45. Utapata mashina 7 kwa mstari.

Kila kishimo kiwe na kina cha sentimita 12 hadi 15. Gimbi jipya hukua juu ya kipande ulichopanda, halikui chini yake. Ukipanda juujuu, litatoka nje ya udongo kabla halijanenepa. Hata hivyo moyo wa mche, pale linapochomoza jani, lazima ubaki juu ya udongo. Ukiingia tope unaoza ndani ya wiki.

Kandamiza kwa ngumi, mwagilia, tandaza nyasi unene wa viganja 2 lakini ziache nafasi kuzunguka shina.

Ndani ya wiki 3 kila mche uwe umefungua jani jipya. Usiofungua kufikia wiki ya 4, ung'oe na uweke wa akiba.

## Hatua ya 6: Maji, kuanzia siku ya kwanza mpaka wiki 3 kabla ya kuvuna

Hapa ndipo mavuno yanapoamuliwa.

Wakati wa kiangazi, shimo hili linataka madebe 2, yaani lita 40, kila baada ya siku 2. Hicho ni kianzio tu. Bomba ndilo lenye neno la mwisho. Kijiti kilowe kati ya sentimita 5 na 15. Kikitoka kikavu, umechelewa. Kikilowa zaidi ya sentimita 25, pumzika mpaka maji yashuke.

Kuna watu humwaga madebe 10 Jumamosi kwa sababu katikati ya wiki wako kazini. Gimbi la shimo hilo litakuambia ukilichimba: utaona limenenepa, likabana kama kiuno, likanenepa tena. Kila kiuno ni wiki kadhaa za kiu. Sehemu iliyobanwa huwa ngumu na yenye nyuzi, haiivi pamoja na sehemu nyingine, na ndiyo inayowasha sahanini. Kwa hiyo kazi ya kupika gimbi lisilowasha huanzia kwenye debe la kumwagilia.

Maji ya kufulia yenye sabuni kali na ya kuoshea samaki wenye chumvi usiyamwage humu. Nailoni haina pa kuyapitisha chini, na chumvi itajilimbikiza mpaka ncha za majani ziungue.

## Hatua ya 7: Lisha, pandishia udongo, punguza vitoto

Mwisho wa mwezi wa 2, mmea ukiwa na majani 4 au 5 na urefu wa goti, weka kopo la lita 2 la samadi kuzunguka kila shina, sentimita 10 mbali nalo. Juu yake pandishia nusu ya ule udongo wa akiba, kama sentimita 5. Rudia mwisho wa mwezi wa 4 kwa udongo uliobaki, safari hii ukiongeza kiganja cha majivu kwa kila shina.

Kupandishia kunalifunika gimbi linaposukuma kwenda juu. Likibaki nje huota gamba gumu, na mizizi inayotoka mabegani mwake hukosa pa kushika.

Baada ya mwezi wa 5, acha kabisa samadi, mkojo wa ng'ombe na mbolea ya kukuzia. Kuanzia hapo majani mapya huwa madogo kuliko yaliyotangulia, na wengi huogopa wakadhani mmea una njaa. Hauna njaa, unahamishia chakula chini. Ukiulisha wakati huo unachipua upya, unautoa wanga ulioweka akiba, na unavuna gimbi chepechepe lisilo na unga hata kidogo.

Vitoto vinavyochomoza pembeni katika miezi 4 ya kwanza ving'oe vikiwa vidogo, ubakize 1 kwa kila shina kwa ajili ya mbegu. Shina lenye vitoto 6 lina midomo 7.

## Wadudu na magonjwa

Kiwavi kinene chenye pembe mkiani hula jani zima kwa usiku mmoja. Mtafute chini ya majani asubuhi, umtoe kwa mkono. Vidukari huondoka kwa maji ya sabuni. Ila angalia tone la maji likidondoka juu ya jani la gimbi: hujikunja likawa shanga, likateleza hadi chini bila kuacha alama. Maji matupu ya dawa hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo bila sabuni kidogo ndani yake unamwagilia ardhi tu.

Linalotisha ni ukungu wa majani. Huanza kama doa la duara lililolowa maji, rangi ya kahawia, likipanuka kwa pete baada ya pete, wakati mwingine na vitone vya rangi ya chungwa asubuhi. Hupenda usiku wa mvua na joto. Kata jani likiwa na doa la kwanza, lizike mbali, na usimwagilie kwa kurusha maji juu ya majani. Shimo lililobanana huugua haraka, ndiyo maana ya zile sentimita 45.

Mmea unaonyauka mchana ilhali udongo una maji una mizizi iliyooza. Ung'oe na uzibue matundu ya pembeni.

## Hatua ya 8: Chimba

Pwani na penye joto, miezi 6 hadi 8. Milimani penye baridi, 8 hadi 12. Usihesabu miezi peke yake. Majani yamekuwa madogo, ya chini yamekuwa manjano, mabega ya gimbi yanaonekana yakiinua udongo: hapo limekomaa.

Acha kumwagilia wiki 3 kabla. Gimbi linalotoka kwenye udongo mkavu kiasi hukaa zaidi na huwa na unga.

Chimba kwa kupitia pembeni, usivute kwa vikonyo. Gimbi la nusu kilo hadi kilo moja kwa shina ni mavuno mazuri kwa shimo la uani. Kata vichwa ukiwa hapohapo, viwe miche ya msimu ujao. Magimbi yasioshwe, yakaushe kivulini siku 1, yahifadhi penye hewa, yale ndani ya wiki 2 au 3. Lililojeruhiwa na jembe liliwe kwanza.

Kabla ya kurudisha magimbi humo, ondoa masalia yote, panda kunde au mchicha msimu mmoja, kisha ongeza samadi.

## Hatua ya 9: Menya bila kuwashwa

Ndani ya gimbi mbichi kuna fuwele za kalsiamu oksaleti zenye umbo la sindano, ndogo zisizoonekana kwa macho. Hizo ndizo zinazochoma ngozi na koo. Gimbi mbichi haliliwi kwa namna yoyote ile, hata kipande cha kuonja.

Menya likiwa kavu, mikono ikiwa kavu na imepakwa mafuta ya kula, au vaa glavu. Kuosha kuje baada ya kumenya. Toa ganda nene, kama milimita 3, mpaka uone nyama safi. Ukishawashwa, usijikune, osha, jipake mafuta.

Kata vipande vilivyolingana, sentimita 4 hivi. Vikipishana, vidogo vitavurugika na vikubwa vitabaki na kiini kibichi.

## Hatua ya 10: Pika yaive kweli

Ya kuchemsha, kwa chai. Osha magimbi na maganda yake kwa brashi, kata makubwa mara mbili, funika kwa maji na juu yake jani la mgomba. Dakika 45 hadi saa 1 tangu maji yachemke. Maji yakipungua ongeza ya moto, kwani ya baridi husimamisha kuiva katikati. Yameiva kisu kikipita mpaka kiini bila kukwama na ganda likivuliwa kwa vidole. Kisu kikikwaruza kama kinapita kwenye chaki, rudisha motoni.

Ya nazi. Kwa kilo 1 ya magimbi yaliyomenywa: nazi 2, kitunguu 1 kikubwa, nyanya 2, pilipili mbichi 1, chumvi, ndimu 1. Kuna ile ya samaki wa kukaanga anayetumbukizwa mwishoni, nayo ni tamu, lakini ijue kwanza hii.

Chemsha magimbi kwa maji matupu dakika 25, mwaga maji yote. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuokoa muda wakati wa futari, na ndiyo inayoharibu futari. Weka tui la pili, kitunguu, nyanya na chumvi, funika, moto wa wastani, dakika 20. Toa kipande kimoja kikubwa, kipasue, uonje kiini chake kwa ncha ya ulimi. Kikichoma hata kidogo, ongeza maji ya moto, endelea.

Kikiwa kimenyamaza, mimina tui la kwanza na pilipili, punguza moto, koroga bila kuacha mpaka litokote mara moja. Likichemka kwa nguvu litakatika, mafuta yataelea. Epua, kamulia ndimu, acha dakika 10. Mchuzi mzuri hung'ang'ania kijiko, na vipande vinasimama vyenyewe huku kingo zake zimeyeyuka.

Chipsi. Chemsha kwanza mpaka karibu na kuiva, kausha, ndipo ukaange. Gimbi linaloingia mafutani likiwa bichi hupata rangi nje kabla ya ndani kuiva.

Majani. Chuma machanga tu, jani 1 kwa shina kila wiki 2, na shina libaki na majani 4 yanayolilisha gimbi. Toa kikonyo na mshipa mkubwa, chemsha dakika 45 au zaidi, mwaga maji, ndipo uunge kwa nazi au maziwa.

Mwenye historia ya mawe ya figo azungumze na daktari kabla ya kuyazoea, kwa sababu ya hiyo oksaleti. Aliyewashwa mdomoni asukutue, anywe maziwa baridi. Ulimi au midomo ikivimba, au pumzi ikibana, ni hospitali mara moja, asisubiri ipoe.